Paja Nililomfungia Mama wa Watu

Niliishia darasa la nne na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Kuhesabu nawashinda waliosoma, na kwa miaka thelathini niliuza kuku Morogoro mjini mpaka hoteli zikawa zinanitafuta zenyewe. Nilianza na matenga mawili nyuma ya baiskeli. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba kuku namfahamu, na kwamba nililolifanya sikulifanya kwa ujinga. Laiti ingekuwa ujinga.

Mimi ni Mkristo. Lakini nilipofungua banda langu la kwanza, kabla hata sijaezeka bati, nilitafuta mchinjaji Mwislamu. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Mtu ana ubatizo, ana msiba, anamwita Mwislamu achinje ili kila atakayekuja ale bila wasiwasi. Hakuna aliyetufundisha shuleni, wala mimi shule yenyewe sikukaa. Ni adabu tu. Kuku waliotoka kwangu wameliwa na masheikh na mapadri, na sikumbuki hata mmoja aliyelalamika.

Sasa naishi ng'ambo, Blaine, pembeni mwa jiji la Minneapolis, kwa binti yangu. Yeye ni muuguzi, anafanya shifti ya jioni, na mumewe yuko safarini wiki hadi wiki na lori lake. Nyumba ni mpya, kubwa, ina joto, na nje hakuna pa kwenda kwa miguu. Blaine bila gari wewe ni mfungwa mwenye oveni. Macho yangu yana presha, kwa hiyo leseni sikupewa, na kliniki lazima niende kila mwezi.

Anayenipeleka si ndugu yangu. Ni mtu wa Tanga, miaka hamsini na kitu, alikuja huku kusoma akabaki, sasa ni mhasibu. Tulikutana kwenye msiba wa Mtanzania mmoja, akanisikia nikilalamika habari za usafiri. Akasema, "Mzee, mimi nitakupeleka." Nilidhani ni maneno ya msibani. Jumatatu asubuhi gari lilikuwa mlangoni. Anatoka New Hope anakoishi na mama yake mzazi, anakuja mpaka Blaine, ananipeleka, ananisubiri, ananirudisha. Anaomba ruhusa kazini kwa ajili yangu. Miezi minane sasa. Nikimpa hela ya mafuta ananirudishia mfukoni mwa koti langu bila mimi kujua.

Mtu kama huyo unamlipa nini? Nikaamua nitampikia.

Chakula chenyewe alinifundisha binti yangu, maana anaogopa nisije nikafa njaa akiwa kazini. Unachukua mapaja ya kuku, unayapaka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, unayachovya kwenye yai lililopigwa, halafu unayagaragaza kwenye chenga za mkate. Chenga za dukani sizitaki. Mkate uliokauka nausaga mwenyewe kwa kuviringisha chupa. Unayapanga kwenye trei, pembeni viazi na karoti, unamwagia mafuta kidogo, yote yanaingia oveni kwa pamoja. Dakika arobaini. Trei moja, basi, hata vyombo vya kuosha hakuna. Binti yangu hasafishi kuku, eti huku wanakataza. Mimi nasafisha, kwa ndimu na siki, wakataze wanavyotaka.

Nilimpigia yule bwana Jumapili.

"Jumatano ukitoka kazini pitia hapa ule kuku."

"Kuku gani, mzee?"

"Kuku mkavu, wa oveni. Nyinyi watu wa pwani mmezoea kuku aliyezama kwenye tui mpaka anahitaji kuokolewa. Njoo uone kuku anayejisimamia."

Alicheka. "Mtu wa bara kunifundisha kula! Haya, dunia imekwisha. Nitakuja."

Makubaliano yalikuwa binti yangu apite kwenye bucha la Wasomali, kule mjini Minneapolis, aniletee mapaja ya kuku aliyechinjwa kihalali. Jumatano asubuhi akaniambia, soksi moja mguuni na nyingine mkononi:

"Baba, bucha sijapita. Jana nilitoka nimechoka, na barabara barafu tupu."

"Sasa mgeni nampa nini?"

"Kuna maharage. Kuna samaki wa kopo, mayai. Wale kuku wa friza ni wa dukani, usimpe."

"Nimekusikia."

"Baba, umenisikia kweli?"

"Kati ya mimi na wewe nani anajua habari za kuku?"

Alivaa soksi ya pili.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuinua simu. Neno moja tu: bwana, kuku hakupatikana, leo ni maharage. Mtu mzima mwenzangu angecheka, angesema maharage ndiyo mazuri. Lakini mimi nilikuwa nimeshajigamba. Nikajiona nimemkalisha mezani mhasibu, mtu aliyeniendesha miezi minane, nikamwekea bakuli la maharage kama bwenini. Kiburi kikanipanda. Nikaanza kujitetea peke yangu jikoni: kuku ni kuku. Na wako Waislamu wanaosema nyama ya nchi za Wakristo inaliwa tu. Hilo niliwahi kulisikia mahali. Nikalishika kama mtu anayezama.

Nikayatoa mapaja sita kwenye friza.

Nakueleza jambo moja ambalo sijamweleza hata binti yangu. Ile sahani ya plastiki ya dukani iliyokuwa na mapaja, pamoja na nailoni yake, sikuitupa juu juu. Niliizamisha chini kabisa ya pipa, nikaifunika na maganda ya viazi. Mtu asiye na kosa hafichi takataka.

Alikuja saa kumi na moja na nusu, theluji kwenye kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Vyote viwili. Ila kwanza nisali, magharibi inaingia."

Nikamtandikia shuka safi sebuleni. Nilisogeza mwenyewe kiti ili apate nafasi. Alisali pale, mgongo kwangu, na nyuma yangu oveni inanukia vizuri kuliko siku zote. Ningeweza kumngoja amalize nimwambie. Nilikuwa na muda wote huo. Nikaenda kupanga sahani.

Tulipoketi akanawa, akalitazama paja lile, chenga zimekuwa rangi ya dhahabu, akasema Bismillahi. Mkono ukiwa hewani akauliza, bila uzito wowote, kama mtu anavyouliza hali ya hewa:

"Binti alipata wa kule kwa Wasomali?"

Nikasema, "Wa nani mwingine?"

Maneno matatu. Wala sikutetereka.

Akala. Alikula mapaja mawili na viazi vyote, akasema mtu wa bara leo kapata digrii. Nikacheka naye. Nisikufiche, kwa muda kidogo nilifurahi kweli, nikaona jambo limepita. Halafu alipokuwa anavaa koti akasema:

"Mzee, nisaidie kitu. Nimfungie mama paja moja? Tangu aje huku hali vizuri. Kila kitu anakitilia shaka, anaishi kwa chai na mkate. Nikimwambia hiki kimetoka kwako, atakula."

Mama yake amepita miaka themanini. Amehiji. Sijawahi kumwona, lakini kila mara mwanawe akija kunichukua huniletea salamu zake.

Ningeweza kusema yamebaki ya binti yangu. Ningeweza kusema lolote. Nilichukua foili, nikafunga paja moja, nikaona ni dogo, nikaongeza la pili. Mikono yangu hii. Nikasema, "Msalimie mama." Akaondoka.

Niliosha ile trei. Nikaiosha tena. Kumlisha yeye, nilijiambia, ni jambo kati ya wanaume wawili. Lakini bibi wa watu anayekaa na njaa kwa ajili ya imani yake, akafungua mdomo kwa sababu ametajiwa mimi? Nikachukua simu. Haikupokelewa, alikuwa anaendesha. Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne, saa nzima imeshapita, akapokea, sauti yake ina furaha.

"Mzee! Kimesahaulika nini?"

Kabla sijajibu nikasikia nyuma yake sauti ya mwanamke mzee, ya taratibu, ya Kitanga: "Ndiye huyo? Mwambie Mungu ambariki, nimekula mpaka nimeona haya."

Nikamwambia. Sikuzungusha, kuzungusha sijui. Nilisema kuku alikuwa wa dukani, nilijua, na nilimdanganya.

Nikasikia mlango unafungwa. Alikuwa ametoka chumbani.

"Ulijua kabla sijala?"

"Nilijua tangu asubuhi."

"Mzee, ungenipa maharage ningekula maharage."

"Najua."

"Wako wanaosema inafaa. Mimi na mama si katika hao, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ulidanganya." Hakupandisha sauti. "Sisi tuliokula bila kujua hatuna dhambi. Lakini sasa mimi najua na mama hajui. Nimwambie, arudi kwenye chai na mkate? Au ninyamaze, niwe kama wewe?"

Nilikuwa nadhani nimepiga simu kutua mzigo, kumbe nimemtwisha yeye.

Nikasema, "Usimwambie. Nitakuja nimwambie mimi."

"Jumamosi," akasema, akakata.

Siku mbili zile sikulala sawasawa. Binti yangu aliniuliza mgeni alikula nini, nikamwambia kuku. Akasema kitu kimoja tu: "Baba, unajua mama angesema nini." Marehemu mke wangu. Najua angesema nini.

Jumamosi yule bwana alinifuata, akaniendesha hadi New Hope bila redio. Fleti yao iko ghorofa ya pili. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, amejifunika kanga mbili juu ya sweta, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alinikaribisha kwa maneno mengi mazuri ya kwao, akauliza hali yangu, ya macho, ya binti, ya nyumbani Morogoro, akajibu nilipouliza yake. Kila neno lake jema lilinikata. Nilikataa kukaa.

"Mama," nikasema, "kuku uliyekula Jumatano sikumnunua kwenye bucha la halali. Mwanao aliniuliza, nikamdanganya. Kosa si lake, ni langu mimi."

Midomo yake ilitembea, nadhani alikuwa akimwomba Mungu msamaha. Kisha akajishika kwenye mkono wa kochi, akasimama. Mwanawe akataka kumsaidia, akamzuia kwa kidole. Akaenda bafuni polepole na mlango hakuufunga. Nikasikia bomba linafunguliwa. Nikamsikia akisukutua kinywa. Zilikuwa zimepita siku tatu, mama wa watu, chakula kile kilikwisha kuondoka mwilini, lakini alisukutua, akatema, akasukutua tena. Mimi na mwanawe tulisimama sebuleni tukisikiliza maji. Hakunitazama. Nilitazama zulia.

Nimedharauliwa na matajiri na nimepigwa na askari wa manispaa kwa ajili ya matenga yangu, na hakuna siku niliyojiona mdogo. Pale nilijiona mdogo.

Aliporudi alikuwa amefuta uso kwa ncha ya kanga. Akakaa, akaweka nguo zake sawa.

"Umefanya vyema kuja," akasema. "Wengine wasingekuja. Nimekusamehe, baba, nisije nikafa na neno lako moyoni. Ila usiniletee tena chakula. Usikasirike. Nitashindwa kumeza."

"Sikasiriki, mama."

"Mrudishe mzee kwao," akamwambia mwanawe, "kabla barabara haijaganda."

Njiani nilijaribu kusema, akasema, "Yameisha, mzee." Lakini alisema kama mtu anayefunga duka. Tulipofika Blaine, gari likasimama mbele ya nyumba na injini ikabaki inaunguruma. Siku nyingine zote alikuwa anazima, anashuka, ananishika mkono kwenye ngazi zenye barafu, anaingia kunywa chai. Nilitaka kusema karibu ndani. Neno lenyewe, ambalo nimelisema maisha yangu yote kwa wageni na wateja, lilinigandia mdomoni. Karibu kwenye nini? Angekunywa chai ya nani?

"Kliniki ni Jumatatu, tarehe ile ile uliyopangiwa," akasema. "Saa mbili. Uwe tayari."

"Bado utanipeleka?"

"Macho yako yana kosa gani?"

Angenitukana ningepata usingizi. Nilishuka, nikashika chuma cha ngazi, baridi ikanichoma kiganja. Akawasha taa za mbele nione funguo, akasubiri mpaka nilipofungua mlango, kisha akageuza gari akaondoka.