Mshumaa wa Mwalimu Verediana

Watu wa Ngara wakimtaja Mwalimu Verediana husema ni mpole. Mpole! Wangemwona siku ile dukani kwangu wangelimeza hilo neno.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, wakimbizi wametuzidi wenyeji kwa wingi. Mimi Fathiya, wazee wangu watu wa Pangani, nilikuwa nauza madaftari na makorokoro ya shule karibu na stendi. Verediana alifundisha shule ya Mugoma, na akitoka darasani alikwenda kambini kuwachora watoto waliopotezana na wazazi wao, ili picha zibandikwe na ndugu wawatambue. Mkono wake, jamani! Ukimtazama mtoto pale karatasini ulitamani kumfuta kamasi.

Mwalimu mkuu wake, Methusela, ndiye aliyezifikisha picha kwa shirika la wakimbizi. Mwizi yule akaandika jina lake chini ya kila moja. Shirika likamsifu, likataka kumfanya mchoraji wao, na wageni wakapanga kuja shuleni kumwona akichora. Mtu asiyeweza kuchora hata yai! Akamwita Verediana ofisini, akafunga mlango. Akamwamuru amchagulie vifaa, amchoree mistari hafifu ya penseli, yeye atapaka rangi tu mbele ya wageni. Akikataa, ataandikiwa barua mbaya wilayani.

"Shikamoo, Mama Yasmini," akaniambia alipoingia dukani.

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona macho yamevimba?"

"Kulia nililia jana. Leo nimekuja kununua."

Nikamtolea boksi mbili za chaki za rangi ambazo kaka yangu Anuar alizileta kutoka Mwanza. Akajaribu ya kwanza pembeni mwa karatasi. Ilikuwa ngumu, ikakwaruza. Ya pili ikaacha unga mwingi laini, akausambaza kwa kidole.

"Hizi ndizo. Hata mjinga akisugua zinajaa."

Nikampa karatasi nyeupe inayong'aa, ile ninayowauzia wenye haraka. Akairudisha.

"Hii inateleza. Chaki itapukutika kabla hajaaibika. Nipe yenye kukwaruza, inayoshika unga. Na mshumaa mmoja."

"Mshumaa wa nini tena?"

Akaandika V kwa mshumaa kwenye kipande cha karatasi. Sikuona kitu. Akapaka chaki ya bluu juu yake, akasugua, na ile V ikabaki nyeupe pe.

"Penye nta chaki haikai," akasema. "Nitaandika angani, juu ya milima. Huko atasugua sana."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Na akigundua?"

"Agundue. Jina langu amelificha kwenye kila picha. Nataka aliandike mwenyewe, kwa mkono wake."

Siku ya wageni nilifunga duka, nikadandia lori hadi Mugoma. Ningekosaje? Methusela alikuwa amefunga tai. Milima ikatoka, maturubai ya kambi yakatoka, wageni wakanong'onezana kwa furaha. Kisha akaanza anga. Akapaka bluu, akasugua kwa kiganja kama alivyoelekezwa.

V ikatokea. Halafu E. Akasita, akaongeza chaki, akasugua kwa nguvu ili aifute, na kadiri alivyosugua ndivyo herufi zilivyozidi kujitokeza, hadi VEREDIANA nzima ikatanda juu ya milima. Jasho likamtiririka. Mimi nilikuwa roho kwatu, siwafichi.

Mama mmoja mgeni, aliyejua Kiswahili, akauliza, "Verediana ni nani?"

"Ni... ni binti yangu," akasema Methusela.

Verediana akainuka kutoka benchi la nyuma. "Shikamoo, baba."

Shule nzima ikaangua kicheko. Yule mgeni hakucheka. Alitazama picha, akamtazama Verediana na vidole vyake vyenye unga wa bluu wa kuzijaribu chaki asubuhi, akamwomba aje achore.

Verediana akabandika karatasi mpya kwenye ubao mdogo. Hapakuwa na mahali pa kuuegemeza.

"Mwalimu Mkuu," akasema kwa adabu zote, "naomba unishikie."

Angekataaje, mbele ya watu wale? Akaushika kwa mikono miwili, juu kidogo, kama alivyoambiwa. Verediana akamwita mtoto mmoja wa kambini aliyekuja na wageni, akamkalisha, akaanza kumchora taratibu, unywele mmoja mmoja. Jua likahama, wageni wakaletewa chai, wakanywa, wakamaliza. Mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, na kila alipoishusha Verediana alimwambia bila kumtazama, "Bado, baba."