Mji Ulipoanua Nguo

Mtaani kwake walimwita Bwana Mkunjo, kwa sababu suruali iliyopita kwenye pasi yake ilitoka na mkunjo wa kukatia mkate. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, ndoo, kamba zilizovuka uani kutoka ukuta hadi ukuta, na kiti kimoja ambacho wateja walikalia kupiga soga huku yeye akinyoosha na kutabasamu. Maneno hayakuwa fani yake.

"Bwana Mkunjo, mbona kimya? Umemeza pasi?" walimtania.

Alicheka kidogo, kisha akaendelea na kola. Lakini watu aliwajua kuliko walivyodhani. Nguo humwambia dobi kila kitu: nani kanenepa, nani kaachwa, nani kapata kazi ya kukaa kitini. Mtu akikata kona kule mbali, kabla sura haijaonekana, Bwana Mkunjo alikuwa ameshamtambua kwa shati.

Huyu ndiye aliyepanda ndege peke yake, mara yake ya kwanza, kwenda nchi ambayo hakujua hata salamu yake. Dada yake mkubwa alikuwa ameanguka kazini na kuvunjika nyonga. Alikuwa ameishi huko miaka mingi akisafisha ofisi, hakuolewa, hakujaliwa mtoto. Na mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyembeba Bwana Mkunjo mgongoni, akamfulia sare, akamsukuma shule mpaka akamaliza darasa la saba. Ilipoulizwa nani atakwenda kumuuguza, Bwana Mkunjo hakungoja kuulizwa mara ya pili.

"Sasa wewe huko utaombaje maji?" wateja wakamuuliza.

"Nitaonyesha kikombe," akajibu, na wote wakashangaa kumbe ana majibu.

Siku za kwanza hakutoka nje. Alipika, akafagia, akafua, akapiga pasi kila kitambaa kilichokuwemo katika makao ya dada, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Nesi alikuja kila alasiri kusafisha mshono wa dada, na Bwana Mkunjo akawa anajificha jikoni mpaka aondoke. Kisha, asubuhi moja, vidonge vya maumivu vikaisha.

"Nenda duka la dawa," dada akasema kutoka kitandani. "Huwezi kulikosa. Utashuka, utakata kulia, halafu kushoto penye taa. Waonyeshe boksi hili tupu, watakupa."

"Sawa, Dada."

"Na chukua kalamu, andika namba ya jengo mkononi."

"Mtu mzima niandikwe mkono kama mtoto wa chekechea? Nimeiweka kichwani."

"Kichwa kipi? Hichohicho kilichonipoteza sokoni, ukamfuata mama wa watu mpaka kwake kwa kuwa gauni lake lilifanana na langu?"

"Nilikuwa mdogo."

"Umekua lini?" Dada akacheka, kisha akashika nyonga kwa maumivu. "Haya, nenda. Mlango uache wazi, nesi asije akakwama."

Hilo halikumwingia akilini. Kwao, ukimwacha mgonjwa na mlango wazi, ukirudi unamkuta mgonjwa tu. Akatoka, akafunga kwa nje, akatia ufunguo mfukoni. Ufunguo ulikuwa huohuo mmoja.

Chini, akasimama. Majengo yalikuwa ya rangi moja, marefu sawasawa, na milango sawasawa, kama mashati ya askari kwenye kamba moja. Maandishi ya ukutani yalikuwa ya herufi ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kumwonyesha. Lakini jua lilikuwa limewaka, na kila roshani ilikuwa imeanikwa nguo. Moyo wake ukatulia. Kumbe mji huu naye anaweza kuusoma! Pale pa kukatia kulia palikuwa na shuka la njano, pembeni lina alama ya kuungua na pasi; akalionea huruma. Mbele kidogo, nguo za watoto zilianikwa kuanzia kubwa hadi ndogo kama ngazi. Penye taa, mtu alikuwa ameanika koti la sufu juani, kosa ambalo Bwana Mkunjo asingelisahau mpaka kufa. Shuka, ngazi, koti. Akafika dukani bila wasiwasi wowote.

Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuja wakampita kwa sababu aliona haya kusema yeye ndiye aliyetangulia, na hata angesema, nani angemwelewa? Alipopata vidonge na kutoka nje, mvua ilikuwa ikinyesha, nyembamba, ya baridi. Akainua macho kulitafuta koti.

Halikuwepo.

Akatazama roshani baada ya roshani. Kamba tupu. Mtaa mzima ulikuwa umeanua nguo. Yeye, ambaye maisha yake yote tone moja likidondoka aliacha hata chakula akakimbilia uani, alikuwa amesahau kuwa na watu wengine hukimbia.

Akaenda alikodhani ndiko. Akakata kushoto, akakata kulia. Milango ileile, ngazi zilezile, kuta zilezile. Akajaribu kuikumbuka ile namba; ikawa inachungulia na kurudi ndani kama panya. Akatoa simu, lakini laini yake ya nyumbani ilikuwa imekufa tangu uwanja wa ndege.

Mlinzi mmoja alikuwa amejikinga mvua mlangoni pa ofisi. Bwana Mkunjo akamsogelea, akamwonyesha boksi la dawa, akalaza kichwa juu ya viganja kumaanisha mgonjwa. Mlinzi akazungumza maneno mengi, akanyoosha mkono, akauliza swali. Bwana Mkunjo akaitikia kwa kichwa. Aliona aibu kumwambia mtu aliyejitahidi kiasi kile kwamba hakuelewa kitu. Akaifuata ile njia kwa heshima yote, nayo ikamrudisha duka la dawa.

Mama mmoja mwenye mwavuli alisimama kumsikiliza, akamshika mkono, akamtazama machoni kwa huruma, akampa biskuti. Akaenda zake. Bwana Mkunjo akabaki na biskuti mkononi, inalowa.

"Dada yangu amefungiwa ndani," akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, katikati ya njia. "Jamani, nimemfungia mimi. Dawa yake ninayo mimi." Watu wakampisha kushoto na kulia kama maji yanavyopisha jiwe.

Akazunguka. Kama ni dawa peke yake, angejifariji. Lakini alasiri ilikuwa inaingia, nesi angefika, angegonga, asingefunguliwa, angeondoka. Na dada yule hakuwa mtu wa kulala akingoja. Akawaza nyonga, akawaza mshono. Akaketi kwenye ngazi za jengo fulani, akalia kimyakimya, dawa kaikumbatia ndani ya shati isilowe.

Alipoinuka hakuwa na njia aliyoichagua. Alikwenda tu, kwa kuwa kusimama kulimtia uchungu zaidi. Akapita mtaa, akaingia mwingine, kichwa chini. Ni mazoea tu yaliyomfanya ainue macho: alihisi kuna kitambaa kinapigwa na mvua.

Juu kabisa, kwenye roshani moja katika mtaa mzima, palining'inia shati. Lilikuwa limeanikwa ovyo, bega moja juu, mkono mmoja unaburuza ukutani. Lilikuwa jeupe lenye mistari ya buluu, na mkunjo kwenye mikono ulikuwa haujafa hata kwa mvua ile. Bwana Mkunjo aliujua mkunjo ule. Lilikuwa shati lake mwenyewe.

Alizipanda ngazi kwa mbio, ufunguo ukamdondoka mara mbili kabla ya kuingia tunduni. Kitanda kilikuwa kitupu. Dada alikuwa sakafuni karibu na mlango wa roshani, chuma chake cha kujiegemeza anapotembea kimelala ubavuni, uso umemtoka jasho.

"Nesi amegonga, nimeita hakunisikia, ameondoka," akasema.

"Dada..."

"Mvua ilipoanza tu nikajua. Nikasema huyu ameshika njia kwa nguo za watu, kama kule sokoni."

"Ukaamka kuanika?"

"Nani mwingine angeanika? Jirani humjui, mimi simjui, na mlango umeufunga wewe."

"Umelianika vibaya," akasema Bwana Mkunjo, kisha kilio kikamshinda.

"Njoo unifundishe, basi."

Akapitisha mikono chini ya mabega yake. Dada akapiga ukelele uliomfanya amwachie palepale. Akajaribu tena taratibu; ukelele uleule. Mikono iliyokuwa ikikamua mablanketi ya mtaa mzima haikuweza kumwinua mtu mmoja aliyewahi kumbeba yeye mgongoni. Akaleta maji, akampa vidonge, akamfunika kwa shuka lililopigwa pasi. Simu ya dada ilikuwa kitandani; akamletea. Dada akapiga hospitali, akazungumza kwa ile lugha, akakata.

"Wamesema wanakuja."

"Saa ngapi?"

"Wamesema wanakuja."

Bwana Mkunjo akaenda mlangoni, akaufungua wazi hadi ukutani, akauegemeza kiti usijifunge. Akarudi akaketi sakafuni, akakiweka kichwa cha dada pajani mwake. Biskuti aliyokuwa ameitia mfukoni ilikuwa imekuwa uji.

"Shati lako linalowa," dada akasema, macho kayafumba.

Alilisikia likipiga ukuta huko nje. Katika maisha yake hakuwahi kusikia nguo ikinyeshewa akabaki ameketi.

"Liache," akasema, wala hakuinuka. Macho yake yalikuwa mlangoni, masikio kwenye ngazi, na ngazini hapakuwa na mtu bado.