Njiwa wa Baba, Kifua cha Mama

Kila asubuhi Baba alishuka kutoka juu ya paa mabega yakiwa meupe kama ya muuza unga, naye Mama alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Lete shati."

Baba alilivua. Mama alitoka nalo barazani, akalikung'uta kwa nguvu, vumbi likapaa na manyoya madogo yakaelea kwenye jua. Mimi, kitinda mimba, niliyarukia manyoya yale kama mtoto wa paka. Kisha Mama alilitundika shati msumarini, tayari kwa kesho. Nikikumbuka utoto wangu, picha hiyo ndiyo huja kwanza. Wala hakuna aliyejua kwamba vumbi lile lilikuwa likimla Mama kidogo kidogo.

Baba alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, kimejaa sponji, mbao na viti visivyo na migongo. Cherehani ya Mama ilikaa dirishani, maana mito na vifuniko vyote alishona yeye. Wateja walisema kochi la pale ni la mume na mke: mifupa ya bwana, ngozi ya bibi. Mbao zilizobaki Baba alizipandisha juu ya paa letu la zege, akajenga banda la njiwa lenye vyumba vingi kuliko nyumba yetu.

Njiwa wale walikuwa na historia. Baba alipokwenda kumchumbia Mama, alikuwa kijana asiye na kitu, akabeba jozi ya njiwa kwenye kikapu. Babu yangu mzaa mama akachungulia ndani.

"Hawa ni wa mchuzi?"

"Hapana, mzee. Hawa ni wa kusikiliza."

Babu alimwona punguani. Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, baadaye aliniambia kuwa alimkubali kwa jibu lile tu. Na kweli, nyumbani kwetu tuliamshwa na mlio wa njiwa, ule wa chini chini, kama watu wazima wanaoongea chumba cha pili. Mama akiwa kwenye cherehani, mguu wake ulifuata mlio ule bila mwenyewe kujua.

Nilikuwa msichana mkubwa kikohozi kilipoanza. Kilikuwa kikavu, hakitoi kitu. Jioni nyingine homa ilimpanda, akajifunika na kutetemeka, asubuhi akaamka na kushika kazi. "Ni vumbi la sponji," alisema. Akapungua mpaka nguo zake mwenyewe akazishona upya. Tulimpima kifua kikuu, hakuna. Alimeza dawa za mafua mpaka tumbo likachoka.

Shangazi yangu, dada yake Baba, ndiye aliyegutuka. Binti yake alikuwa amejifungua, Mama akaenda kukaa kwa Shangazi kusaidia. Baada ya wiki mbili alirudi amenenepa mashavu, hakohoi. Shangazi alimsindikiza hadi nyumbani, akalala kwetu. Kesho yake Mama alipokea shati la Baba, akalikung'uta kama kawaida, na kabla jua halijatua alikuwa chini ya blanketi anatetemeka.

"Wifi," Shangazi alisema, "kwangu ulikuwa unapanda ngazi na ndoo ya maji mkononi. Hapa hata kikombe kinakushinda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho hospitali."

"Basi, dada, dawa iko kwako," Baba akatania.

"Au ugonjwa uko kwako," Shangazi akamjibu.

Tulikwenda wote. Daktari alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno. Alitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, unafuga ndege?"

"Mimi? Sifugi."

Baba alimgeukia Mama, kisha akamgeukia daktari. "Nafuga mimi. Njiwa. Tangu kabla hatujaoana."

Daktari akaweka kalamu chini. Alituambia kwamba kinyesi cha njiwa kikikauka huwa vumbi, na manyoya nayo yana unga wake. Wengi huvuta vumbi hilo lisiwadhuru. Wengine mapafu yao hulikataa, huvimba, na wakiendelea kulivuta miaka na miaka, mapafu huota makovu. Na kovu la pafu halifutiki.

"Lakini daktari," Baba akasema, "anayeshinda bandani ni mimi! Yeye hata juu hapandi."

"Nguo zako anafua nani?"

Baba alijitazama shati.

"Ulimficha daktari," alimwambia Mama tulipoingia nyumbani.

"Sikumficha. Aliuliza kama nafuga." Mama aliketi ili avute pumzi. "Na usithubutu kuwatoa. Nitajifunga kitambaa puani."

"Mama watoto, njiwa nitapata wengine."

"Hata mke utapata mwingine."

Siku nyingine Baba angecheka. Alitoka, akaenda kumtafuta rafiki yake dereva wa lori, aliyeishi ng'ambo ya milima na mwenye uwanja mpana.

Mama alirudishwa kwa Shangazi. Njiwa wakasafiri na lori, na Baba akaanza kazi ya banda kama alivyoelekezwa: barakoa usoni, glavu mikononi, kinyesi kikalowanishwa kwa maji ya sabuni kwanza ili vumbi lisipae, ndipo akakwangua na kutia kwenye mifuko. Shati lile nalo akalitupa humo humo. Alikuwa anang'oa ubao wa mwisho niliposikia mabawa. Nusu ya njiwa walikuwa wamerudi. Walizunguka, wakatua pale lilipokuwa banda, wakawa wanatembea tembea kama wageni waliokuta mlango umefungwa.

Baba alichukua kitambaa cha kochi, akakipunga. "Nendeni! Hapa si kwenu!" Waliruka, wakatua tena. "Nendeni, jamani!" Akavua barakoa kufuta machozi, akakumbuka, akaivaa haraka.

Dereva aliwarudia, safari hii akawafungia mpaka wakataga na kulea huko. Vifaranga waliozaliwa kule hawakuwa na kwao kwingine.

Mama alipona, ila si kama zamani. Ngazi alizipanda kwa vituo, na dawa alimeza muda mrefu. Aliishi miaka mingi baadaye, namshukuru Mungu. Lakini asubuhi za nyumba yetu zilikuwa kimya, na nilimwona mara nyingi mguu umesimama juu ya cherehani, anasikiliza kisichokuwepo.

Mara moja moja Baba alikwenda ng'ambo ya milima kuwaona njiwa wake. Akirudi hakuingia ndani. Alisimama nje, karibu na bomba la uani, na Mama akafungua dirisha.

"Usisogee! Sijaoga bado!"

"Sijasogea! Yule mweusi yupo?"

"Yupo! Ana mke mpya!"

"Mzee mzima yule? Hana haya!"

Majirani waliohamia karibuni walidhani wanagombana.