Mrembo na Mlalamishi

Wateja walimwita Bi Gesi, kwa sababu alianza maisha akijaza gesi kwenye friji za watu, na hata alipofungua karakana ya kuunda friji ndogo za dawa, jina halikumwachia. Hakulichukia. Alichokichukia ni kuhangaishwa bure, na jamani, hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Zahanati kadhaa zilitaka friji zinazojieleza: kifaa kidogo ndani kinapima baridi na kutuma vipimo mtandaoni, muuguzi anavitazama kwenye simu. Kifaa chenyewe hakikuwa na shida. Kazi ilikuwa kuchagua jukwaa, yaani kampuni ya mtandaoni ya kupokea vipimo hivyo, kuvitunza na kuvionyesha. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeshughulikia kompyuta pale karakanani, alileta mawili ya kujaribu. Moja lilikuwa na ramani, michoro na duara la kijani linalong'aa, wakaliita Mrembo. La pili lilikuwa maandishi meusi matupu, na kila mtandao ulipokatika lilituma ujumbe: "Sina habari za friji hii." Hilo likawa Mlalamishi.

Waliyajaribu kwa mama mzazi wa Bi Gesi, anayejidunga insulini kila siku. Friji yake ilitoka karakanani na ilikaa pembeni mwa jiko, mahali ambapo mtandao huingia ukijisikia. Wiki ya kwanza Mlalamishi alilalama mara tisa. Mara mbili Bi Gesi aliacha kazi, akakimbia kwa mama roho juu, akakuta friji ina nyuzijoto nne barabara, kama dawa inavyotaka.

"Umekuja kuniona mimi au friji?" mama akamuuliza.

"Friji, mama. Wewe nakujua u mzima."

Walicheka, lakini alirudi karakanani amenuna. Friji zake alizionea fahari, na hakupenda zisingiziwe.

"Shemeji, hili jukwaa lako linanitia presha bure. Friji nzima, lenyewe linapiga kelele!"

"Halijasema friji ni mbovu, shemeji. Limesema halijui."

"Sasa jukwaa lisilojua ni la nini?"

Shemeji akarudi kwenye kompyuta yake, maana karakana si yake. Mrembo akachaguliwa, Mlalamishi akafutwa, na lile duara likawekwa hata kwenye simu ya mama. "Likiwa kijani, mama, dunga dawa yako bila wasiwasi," Bi Gesi akamwambia.

Fundi huyu, ambaye hatoi friji karakanani kabla ya kuichomoa kwenye umeme na kuirudisha mara kumi, hakufikiria kuukata mtandao makusudi aone Mrembo atasema nini. Angeukata, angeona kwamba Mrembo hasemi kitu. Anaendelea kuonyesha kipimo cha mwisho alichopata, kwa rangi ileile.

Miezi miwili baadaye mtandao wa pale jikoni ulipotea siku nne mfululizo. Katika siku hizo swichi ya kusimamisha mota iligoma, friji ikapoza bila kupumzika mpaka insulini ikaganda. Na insulini ikishaganda imekwisha, hata ukiiyeyusha. Kwenye simu ya Bi Gesi na ya mama yake kulikuwa na kijani, nyuzi nne. Bi Gesi alikuwa akiitazama kila asubuhi na kuendelea na shughuli zake. Kwa mama hakwenda, aende kufanya nini?

Siku ya tano jirani akampigia: mama yuko zahanati, sukari imepanda vibaya, njoo haraka. Alipitia nyumbani kwa mama kumchukulia nguo, akafungua friji, akaona barafu imetanda mpaka kwenye rafu ya dawa. Aliona aibu kabla hata ya kuona hofu. Alisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi, kisha akakumbuka nguo.

Mama alikuwa kitandani, dripu mkononi, midomo imekauka, lakini macho wazi. Muuguzi alisema atapona.

"Mama, hukuona kwamba dawa imeganda?"

"Niliona. Nikaishika chupa mpaka barafu ikayeyuka. Nikatazama simu, kijani. Nikasema basi ni macho yangu yamezeeka, maana mwanangu hawezi kunidanganya."