Kesi ya Nazi Zilizoanguka

Tangu aitwe mwizi, Chamima hatulii. Jikoni pale shule ya Quionga, anakowapikia wanafunzi, mwiko unamponyoka. Akienda kisimani, anarudi na ndoo tupu.

Nazi zenyewe aliziokota njiani, chini ya minazi ya mzee Momade. Kwao Mucojo, alikokimbia vita, nazi ikiangukia njia ya watu ni ya mpita njia. Quionga si hivyo: nazi ni ya mwenye mnazi, hata ikibiringika mpaka pwani. Nani angemwambia? Alizitia kapuni, akajitwika, akaenda zake. Kesho yake mzee Momade akamshtaki kwa wizi.

Darasa la jirani na jiko, profesora Delfina aliwafundisha vijana mchezo wa kuigiza wa Ulaya ya kale: mgeni anayedharauliwa mjini anaingia mahakamani ameishika sheria, anatoka sheria imemshika yeye. Mwishoni wenye mji wanamsamehe, na vijana wakapiga makofi. Chamima alisikiliza dirishani huku akipeta mchele.

"Wamemsamehe, profesora. Mbona katoka kichwa chini?"

Delfina alifikiri. "Msamaha wenyewe umemvua kila kitu, dada."

Neno hilo lilimkaa rohoni mpaka siku ya baraza.

Mzee Buanali, mwamuzi wa mtaa, alitaka yaishe upesi. "Mwanangu, tumekusamehe. Baki na kiwanja tulichokupa ulipokuja. Rudisha nazi za watu, tusiongeze maneno."

"Ahsante, baba. Lakini usinisamehe."

"Makubwa!" mwanamke mmoja akadakia nyuma. "Hawa wakimbizi ukiwapa mkeka wanadai kitanda!"

"Aliyesamehewa wizi ni mwizi," Chamima akasema. "Mzee Momade ashike Msahafu, aape kwamba nilimwibia."

Buanali akakunja uso. "Akiapa, kiwanja huna. Unaondoka Quionga."

"Nimesikia, baba."

Momade aliutazama Msahafu, asiuguse. "Alipita mlangoni kwangu mchana kweupe, kapu kichwani. Akaniamkia, nikaitika. Mwizi gani anakupa shikamoo huku amejitwika mali yako?"

Baraza zima likaangua kicheko. Buanali akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba Chamima si mwizi, ila hakujua desturi ya hapa.

Watu walianza kukung'uta mikeka. Chamima hakuondoka.

"Baba, naomba urudie. Waliokaa nyuma hawakusikia."