Mipaka ya Baba Baada ya Mafuriko

Baba yangu alirithi bonde. Upande wa Michenga, kuanzia mti mmoja mrefu wa mvumo hadi makaburi ya wazee wetu kando ya mto, hakuna aliyelima mpunga kabla yeye hajamwonyesha pa kulima. Kila mwaka maji yakishaondoka alizunguka mipaka yote kwa miguu, maana mafuriko hayaachi alama, na mwenye ardhi asiyeitembea, alisema, ni mpangaji tu. Safari iliishia kwenye kaburi la baba yake, akalimwagia pombe ya mtama. Jumapili alikuwa misani kama kawaida.

Alipopofuka, mimi binti yake, niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nikawa fimbo yake. Mwaka huohuo mto ukahama. Ukala mvumo, ukala mashamba, ukala na makaburi. Niliogopa habari hiyo ingemuua. Nikampeleka kwenye kichuguu kilicho mbali na maji, nikauweka mkono wake juu yake.

"Hapa, baba."

Akamwaga pombe, akazungumza na baba yake. Tulifanya hivyo miaka mitatu. Majirani walituona wakanyamaza. Heshima nayo ina ubaya wake.

Mwaka wa nne akaja mgeni kutoka Mahenge, na mke na watoto wanne, kuomba pa kulima. Baba alifurahi. Akampa kuanzia kwenye mvumo hadi makaburini, sehemu nzuri kuliko zote. Mgeni akaenda kutazama, sisi tukamngoja kichuguuni na kibuyu chetu cha pombe. Alirudi amelowa hadi magotini.

"Samahani, mzee. Kule ulikonielekeza ni mto mtupu."

Baba akacheka. "Huyu hajui kutazama. Mwanangu, mpeleke."

Ningeweza kudanganya tena. Lakini yule mama alikuwa amekaa na watoto juu ya mizigo yao, na bila kufyeka mapema wasingevuna kitu. Nikashikwa na hasira, sijui ya nani.

"Ni kweli, baba. Mto uliyachukua yote. Huu mwaka wa nne."

Alikaa chini polepole. "Na baba yangu?"

"Naye alikwenda na maji."

Akautoa mkono wake kwenye kichuguu, akaunusa. "Sasa miaka yote hii nilikuwa nammwagia nani pombe?"

Nilipomshika tuondoke, aliutoa mkono wangu, akamwomba mgeni amwongoze nyumbani. Nikawafuata nyuma, nimebeba kibuyu kilichojaa.