Jenereta Aliyoizima Mwongeli

Yadi ya mafundi ya Kinuthia, pale Ruiru, ina pande mbili. Kuna upande wa mabati, wenye sakafu ya simiti na shimo la kuingilia chini ya gari, na huko ndiko magari hutengenezwa. Halafu kuna upande wa jua, ambao ni wa watu wa pampu za maji, mashine za kukata nyasi na vinu vya kusaga mahindi. Mwongeli, au Mama Ndanu kama walivyomwita pale, alikuwa amekaa upande wa jua miaka kumi na mmoja. Turubai tatu zilikuwa zimemchakalia kichwani, na ya nne ilikuwa imeanza kutoa nyuzi.

Si kwamba dizeli alikuwa haijui. Alizaliwa Ngoliba, kule chini kwenye ukame, na babake, Mutisya, ndiye aliyekuwa akiendesha injini ya kuvuta maji kutoka mtoni hadi mashambani. Shule Mwongeli aliiaga darasa la tano, lakini injini hakuiaga. Alikuwa anaweza kukaa jikoni akichambua maharagwe, asikie mlio na kumwambia mamake kwamba kule mtoni mshipi wa injini umelegea, na ukienda kuangalia unakuta umelegea kweli.

Sheria ya kuvuka kwenda mabatini aliiweka Kinuthia mwenyewe, mwenyekiti wa yadi. Fundi wa juani akitaka kuvuka, lazima afufue kitu ambacho watu wa mabati wameshindwa nacho. Anajaribu mara moja. Akishindwa, asiulize tena mpaka mwaka uishe. Mwongeli alikuwa ameshaomba mara mbili. Mara ya kwanza walimpa injini ya lori iliyopasuka katikati, kitu ambacho hata aliyekiunda angekifunika blanketi. Mara ya pili walicheka tu wakaendelea kunywa chai.

Basi, Jumanne moja likaingia pale yadi basi kuukuu la kubebea wanafunzi, limepakwa kijani, na madirisha yake yana mapazia ya maua. Ndani hakukuwa na viti. Kulikuwa na kitanda, sinki, meko, friji, na picha ya harusi imepigiliwa msumari ukutani. Mwenyewe ni Boaz Oluoch, aliyefanya kazi kiwandani Thika miaka thelathini hadi akastaafu, na alikuwa na mkewe, Akoth.

Watu walimuuliza Boaz kwa nini mtu mzima anajenga nyumba juu ya magurudumu. Akoth ndiye aliyejibu.

"Tuna mabinti wanne, wote wameolewa," alisema. "Kwetu mzazi halali kwa nyumba ya mkwe. Nikienda kuona wajukuu, jioni nafukuzwa na mila, natafuta gesti. Sasa mzee amesema tutaenda na nyumba yetu. Tunaegesha kwa mkwe, tunalala kwetu."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Hata hivyo kazi iliyowaleta haikuwa ya kuchekesha. Nyuma ya basi, ndani ya sanduku la chuma, kulikuwa na jenereta ya dizeli inayowasha taa na friji, nayo ilikuwa imegoma. Ukiiwasha inazunguka, inazunguka, haishiki. Na Ijumaa asubuhi walikuwa wanatarajiwa Eldoret kwa binti wa pili.

Kazi ilipewa Tobias, fundi wa stima wa upande wa mabati, mtu wa miwani ya jua na maneno mengi. Tobias alihangaika nayo Jumanne na Jumatano. Alhamisi asubuhi akafuta mikono.

"Mzee, pampu ya mafuta imekufa," alimwambia Boaz. "Filta nimebadilisha, betri nimechaji, starta inazunguka poa. Nimefungua skrubu ya kutolea hewa nikapampu mpaka kidole kikafa ganzi, hakuna hata tone linakuja. Hiyo pampu ni ya kuagiza. Wiki tatu hivi."

"Na basi lenyewe linatembea vizuri," Boaz alisema, kama mtu anayejitetea.

"Basi ni basi, jenereta ni jenereta."

Mwongeli alikuwa amesimama pale na kitambaa cha grisi mkononi. Siku zote mbili alikuwa amemtazama Tobias kutoka chini ya turubai yake. Sasa alivuka ule mstari wa simiti akamwendea Kinuthia.

"Mwenyekiti, hii naiomba."

Kinuthia alikuna kidevu. "Jenereta si gari, Mama Ndanu."

"Iko ndani ya gari."

"Hata redio iko ndani ya gari."

"Redio haijawashinda watu wa mabati. Hii imewashinda."

Watu wakaguna. Tobias akainua miwani yake. "Mathe, hiyo si pampu ya maji."

"Najua. Ingekuwa pampu ya maji ningekuwa nimeshaenda nyumbani."

Kinuthia alimtazama Tobias, akamtazama Mwongeli, kisha akaitazama ile injini. "Haya. Lakini sheria unaijua. Ikikataa, nisisikie habari ya mabati mpaka mwaka ujao wakati kama huu."

"Sawa."

Mwongeli hakushika spana. Alimwendea Akoth, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya basi akipeta mchele.

"Dada, siku hii kitu ilizima, ulikuwepo?"

"Nilikuwa napika."

"Ilizima ghafla, kama mtu amebonyeza swichi?"

Akoth aliacha kupeta. "Hapana. Ilipanda sauti ikashuka. Ikapanda tena ikashuka. Kama mtu anakimbia mlima. Halafu ikanyamaza."

"Na kabla ya hapo, ilifanya kazi vizuri wapi?"

"Thika, Jumapili, mchana kutwa. Tukaenda Githurai 45 kununua godoro, tukarudi Thika kwa sababu mzee alisahau vyeti, halafu tukaja Wendani kwa Aketch, binti yetu. Hapo Wendani ndipo ilizima."

Mwongeli aliitikia kwa kichwa polepole. Injini inayopanda na kushuka kabla ya kufa haijakatwa stima. Imekufa njaa.

Alirudi nyuma ya basi, akaomba dizeli kidogo ndani ya mtungi wa lita tano. Akaung'oa ule mpira unaotoka kwenye tangi la basi kuja kwenye pampu ya jenereta, na mahali pake akaunganisha kipande kifupi cha mpira wake mwenyewe. Upande wa pili akautumbukiza ndani ya mtungi. Akalegeza skrubu ya hewa na kuanza kupampu kwa mkono. Mara ya kumi hivi, povu likatoka. Kisha dizeli safi.

"Pampu haijafa," alisema, bila kumwangalia mtu. Akakaza skrubu. "Tobias, nipigie starta."

Jenereta ilizunguka mara mbili, ikashika. Moshi mweupe ukatoka, ukaisha, na mlio ukakaa sawa kama cherehani. Ndani ya basi friji ikanguruma. Watu wa juani walipiga makofi, wakagonga sufuria, na Kinuthia mwenyewe akaja akampa mkono.

"Mama Ndanu, umevuka. Kachukue vitu vyako."

Hapo ndipo Mwongeli alipofanya kitu ambacho watu wa yadi bado wanakisimulia. Alinyoosha mkono, akaizima.

Makofi yakakatika.

"Mathe, umelogwa?" Tobias aliuliza.

"Inakunywa kwa mtungi. Huyu mzee atasafiri mpaka Eldoret ameshikilia mtungi? Hii ni mtoto anayelishwa kwa kijiko. Sijui bado kwa nini hanyonyi."

"Lakini imewaka," Kinuthia alisema. "Mimi nimehesabu imewaka."

"Wewe umehesabu. Mimi bado."

Kinuthia akainua kidole. "Sasa ukiizima, hesabu inaanza upya. Isipowaka tena, sitakuwa nimeona kitu."

"Sawa, mwenyekiti."

Mwongeli akaigeukia injini. Aliuchukua ule mpira wa tangini alioung'oa, akaupangusa, akauweka mdomoni. Akamwambia Akoth aende ubavuni mwa basi, afungue kifuniko cha tangi, atege sikio. Kisha akapuliza kwa nguvu zake zote.

"Unasikia nini?"

"Upepo."

"Haichemki? Haigugumii kama soda?"

"Hakuna. Upepo mtupu."

Mwongeli alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Mpira haujaziba, maana upepo unapita. Lakini hewa ikipita ndani ya dizeli lazima igugumie. Kwa hivyo mwisho wa mpira hauko ndani ya dizeli. Akainuka, akaenda kwenye kiti cha dereva akaangalia geji ya mafuta. Robo. Basi lina dizeli, na basi linatembea. Jenereta inavuta kutoka tangi hilo hilo, na haipati.

Ndipo akaliona kichwani tangi la kwao Ngoliba, la maji ya mvua, lenye mifereji miwili ya kufungulia maji. Mfereji wa chini ulikuwa wa jikoni. Ule wa juu, uliofika kifuani kwa mtoto, ulikuwa wa mbuzi. Mutisya aliutoboa juu makusudi. Mbuzi wanywe mpaka hapo, na wakilia walie, lakini maji ya watu yabaki.

Akaanza kucheka peke yake. Tobias akamwangalia kwa wasiwasi.

"Mzee Boaz," aliita, "aliyekutengenezea hii kitu alikuwa mtu mwenye akili. Ameweka mipira miwili ndani ya tangi. Wa basi umefika chini kabisa. Wa jenereta ameukata mfupi. Jenereta isije ikamaliza dizeli yote usiku mmelala, asubuhi mkashindwa kuondoka kwa mkwe."

Boaz alishika kiuno. "Kuna kitu aliniambia kuhusu robo," alisema. "Lakini siku hiyo nilikuwa napima mapazia."

"Ulikuwa unapima mapazia," Akoth alirudia, akimtazama mumewe kwa muda mrefu.

Walimimina mtungi wa lita ishirini, kisha wa pili. Mwongeli akapuliza tena, na safari hii tangi likagugumia mpaka Akoth akarudisha sikio nyuma. Akarudishia mpira mahali pake, akaanza kupampu.

Haikuwa rahisi kama ile ya mtungi. Mpira wa tangini ulikuwa mrefu na ulikuwa umejaa hewa. Akapampu mia, povu. Akamwambia Tobias apige starta, jenereta ikazunguka, ikakataa. Akapampu tena. Starta. Ikakataa. Watu wa juani hawakuwa wanagonga kitu sasa. Kinuthia alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Usishike starta sana," Mwongeli alimwambia Tobias. "Hesabu kumi, uache ipumzike. Betri umeichaji vizuri, tusiiharibu."

Tobias akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu wa juani akisifu kazi yake, na hakujua aweke uso wapi. Bila kuambiwa, alimpokea ile pampu ya mkono akapampu yeye, Mwongeli akishikilia skrubu. Povu likapungua. Vikabaki viputo vidogo, kimoja kimoja. Kisha dizeli ikaja safi, nyembamba, bila kukatika.

Akakaza.

"Piga."

Ilizunguka, ikakohoa, ikashika.

Mwongeli hakuondoka. Alimwambia Akoth awashe friji, na taa zote, na birika la stima, na pasi kama ipo. Jenereta ikainama kidogo chini ya mzigo, ikasimama tena. Wakakaa hapo saa nzima, wakanywa chai ya birika hilo hilo, na mlio haukupanda wala kushuka.

"Ikizima geji ikiwa robo," alimwambia Boaz, "usiitukane. Inakuambia ukatafute dizeli."

Kinuthia aliondoka, akarudi amebeba ubao wa majina ya mafundi wa mabatini. Akaandika hapo hapo, kwa rangi, herufi zikichuruzika kidogo: Mwongeli Mutisya. Akaandika jina la babake bila kuambiwa. Mwongeli alisimama akalisoma, herufi moja moja, kama mtu anayekagua mshono.

Tobias alikuwa ameshaenda juani. Alirudi amekumbatia kisanduku cha spana cha Mwongeli, akakiweka juu ya simiti, karibu na shimo.

"Na zile pampu zako, fundi?" aliuliza. "Tuwaachie watu wa jua?"

Mwongeli alikuwa tayari ameanza kukunja turubai.

"Pampu zinavuka na mimi," alisema. "Sogeza hiyo meza yako kidogo."